Karatasi Moja Iliyobaki kwa Mwalimu Mong'ina

Kwaru, kwaru, kwaru. Saa kumi na moja kasoro alfajiri, jogoo wa jirani hajaamka vizuri, kijiko kinakwangua sufuria katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha mahindi mjini Migori.

Mgeni angedhani mwenye nyumba anabandua ukoko wa ugali. Lakini sufuria imepinduliwa. Mwalimu Bathsheba Mong'ina, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, anakwangua masizi ya nje na kuyakinga kwenye kifuniko cha kopo.

"Majirani wanasema mama huyu kila siku anaunguza," anasema bila kuinua uso. "Wacha waseme. Wino wa dukani siuwezi."

Masizi hayo, yakikorogwa na maji na gundi ya mti wa mgunga, hugeuka wino mweusi wa kuchorea. Wanafunzi wake wote wameuzoea. Wote ni watu wazima, na wengine wana wajukuu.

Leo ni Jumapili, siku ya darasa. Lakini leo mlango wa darasa hautafunguliwa. Mwalimu anasafiri kwenda Homa Bay kuomba kuazimwa kitu ambacho alikitoa kwa mkono wake mwenyewe, na kwa siku tatu hajalala usingizi wa kushiba.

Tangu mwaka 1992, alipoacha kufundisha shule ya msingi, Mwalimu Mong'ina huwaandaa watu wazima wanaotaka kuingia vyuo vya sanaa. Huja wachora mabango, wafinyanzi, mafundi cherehani. Anawafundisha kuchora, kuandika barua ya maombi, na kujibu maswali mbele ya watu watano waliokaa nyuma ya meza.

"Mtu wa miaka thelathini anaweza kukuchorea ng'ombe ukasikia harufu ya zizi," anasema. "Muulize kwa nini amemchora hivyo. Anatazama viatu vyake."

Kila mwanafunzi hutoa shilingi hamsini kwa mwezi. Asiye nazo huleta dagaa wa omena au kuni, na asiye na chochote hufagia. Kwa miaka minne amepokea watu arobaini na mmoja. Sita wameingia chuoni. Tisa amewazika.

Hesabu hiyo ya mwisho hakuiandika popote. Huihesabu kwa vidole, na akifika cha tisa hukunja ngumi.

Wa tisa ni Levis Maranga. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, kazi yake kuandika majina kwenye mashua za wavuvi wa Homa Bay. Kila Jumapili alifika Migori kabla ya wenzake, akapanga viti, akamfunika Mwalimu mabega kwa koti lake kama kulikuwa na baridi.

Darasa halina pesa za kumlipa mtu akae achorwe. Kwa hiyo wanafunzi huketi kwa zamu, mmoja mbele, wenzake wakimchora. Levis alipendwa kwa kiti hicho kwa sababu alijua kutulia.

"Huyu hata nzi akitua puani hashtuki," Stanley Momanyi, kinyozi na mwanafunzi wa miaka miwili, alizoea kumtania. "Mimi nikikaa hapo mnichore nimenenepa kidogo. Mke wangu aone."

Aliyemchora Levis vizuri kuliko wote ni Phanice Mirumbe, mjane kutoka Kehancha. Kazi yake ni kupanga majani ya tumbaku kwa daraja, na vidole vyake vina rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni. Mkaa wake wa kuchorea huuokota kwenye jiko la kukaushia tumbaku.

Phanice ana miaka thelathini na minne. Chuo anachokitamani kule Nairobi hakipokei mtu aliyefikisha miaka thelathini na mitano. Ameitwa Alhamisi ijayo aende na kazi kumi na mbili. Barua inasema moja kati ya hizo iwe sura ya mtu aliyeketi mbele yake, kwa mkaa, kwenye karatasi kubwa nyeupe.

Karatasi za namna hiyo haziuzwi Migori. Mwalimu alizifuata Kisumu, akapata mbili. Kazi nyingine zote darasani huchorwa kwenye mifuko ya saruji iliyopasuliwa na kupanguswa.

Mwezi Juni, kwenye karatasi ya kwanza, Phanice alimchora Levis akiwa karibu kucheka. Baada ya hapo aliendelea kumchora kila Jumapili kwenye mifuko ya saruji. Ukizitazama picha hizo zikifuatana unaona mashavu yanazama na kola ya shati inapanuka. Siku moja mkono wa Phanice ulisita, na Levis akamwambia kwa upole, "Chora unachokiona, dada. Usinionee haya."

Alifariki Septemba. Watu walisema ugonjwa mrefu. Wengine, kwa sauti ya chini, walisema chira, ile laana ya kuvunja miiko.

Mwalimu alikuwa na sheria moja iliyotokana na uchungu. Picha yoyote haitoki darasani kabla aliyeichora hajaitwa chuoni. Mwaka uliotangulia, wanafunzi wawili walikwenda Nairobi na mafolda matupu, kwa kuwa wafiwa walikuja mmoja mmoja kuomba sura za wapendwa wao, na nani angewakatalia? Wengi hawakuwa na picha nyingine isipokuwa ile ndogo ya kitambulisho.

Kisha akaja Mama Dorah, mama yake Levis, siku mbili kabla ya maziko. Hakuomba. Alisimama mbele ya ile picha ya Juni akaigusa ukingoni.

"Sheria niliiweka mimi," anasema Mwalimu. "Nikamtazama Phanice. Phanice akaitoa mwenyewe misumari ukutani."

Mwalimu akaipokea, akaikunja kama mkeka na kumkabidhi mama. Phanice alibaki na kazi kumi na moja. Mara mbili alimketisha Stanley ajaribu sura nyingine kwenye mfuko wa saruji, na mara mbili mkono ulikataa. Karatasi ya pili hakuthubutu kuigusa. Ndiyo maana leo yeye na Mwalimu wanakwenda Homa Bay kuomba ile picha iazimwe kwa wiki moja tu.

Nyumba ya Mama Dorah iko mwendo mfupi kutoka ziwani. Anawapokea mlangoni, anamshika Mwalimu mikono yote miwili, kisha anamvuta Phanice kifuani. "Nyara," anamwita. Binti yangu. Kabla hawajaketi, chai imeshamiminwa, na kikombe chenye mshikio mzima anapewa mgeni.

Picha iko ukutani, juu ya kiti cha Levis. Phanice anaitazama, kisha anaweka kikombe chini bila kunywa.

Uso haupo. Limebaki sikio moja, ukosi wa shati, na ukungu wa kijivu mahali palipokuwa na kicheko.

"Anaondoka kidogo kidogo," Mama Dorah anasema. "Kila asubuhi namsalimu, namfuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Wazee wanasema pengine kuna jambo hatukumtimizia. Mimi nimeuliza, hanijibu."

Mwalimu Mong'ina anapitisha kidole ukingoni mwa picha, kinatoka cheusi.

Picha ya mkaa haishiki yenyewe kwenye karatasi. Darasani, kabla kazi yoyote haijatoka nje, Mwalimu hutwaa maziwa yaliyoenguliwa malai, akayazimua kwa maji na kuyapuliza juu yake kwa mrija, tone jembamba kama umande. Yakikauka, mkaa hautoki hata ukipitisha mkono. Hufanya hivyo kwa kila picha inayotoka. Siku ile ya msiba, hakufanya.

"Mama Levis," anasema hatimaye. "Mwanao hajakasirika. Hakuna mliloacha kumtimizia. Kosa ni langu. Nilikupa picha ambayo sikuipulizia maziwa, kwa kuwa macho yangu yalikuwa yamejaa. Wewe umemfuta kwa upendo tu."

Mama Dorah anaugeukia ukuta. "Kwa hiyo si yeye?"

"Si yeye. Ni mimi."

Mama anaketi kwenye kiti cha mwanawe, ambacho hakuna aliyekikalia tangu Septemba, na kulia kwa utulivu, kama mtu aliyetua mzigo.

Imebaki karatasi moja safi, ndani ya bahasha ya khaki. Phanice anaitoa. Anaiweka mezani mbele ya mama.

"Nitamchora tena hapa," anasema. "Namkumbuka."

"Na Nairobi?" Mwalimu anauliza.

Phanice anasaga kipande cha mkaa kati ya vidole.

Ni Mama Dorah anayeisukuma karatasi irudi upande wake. "Hiyo ni ya safari yako. Levis angenigombeza. Yeye mchore kwenye ile ile ya ukutani." Kisha, akijipangusa uso kwa leso, anaongeza, "Unataka mtu wa kuketi? Mimi nimekwisha keti. Ila nina makunyanzi, nyara, utamaliza mkaa."

Ndivyo inavyokuwa. Kwanza Phanice anamchora mama kwenye karatasi safi, saa mbili na zaidi, na mama anatulia kama mwanawe alivyotulia. Baadaye anashusha ile iliyofutika na kumrudisha Levis juu ya ukungu wake mwenyewe. Kila anapokwama kwenye shavu humtazama mama, na shavu huwa lipo. Mwalimu anaomba maziwa, anaengua malai, anazipulizia zote mbili. Kisha anarudia tena.

Levis huyu hakaribii kucheka kama yule wa Juni. Phanice analijua hilo, Mwalimu pia. Mama Dorah anamsalimu vilevile, kama kila asubuhi.

Hakuna ajuaye wale watu watano wa nyuma ya meza watasema nini Alhamisi. Phanice hatapata nafasi nyingine. Mwalimu Mong'ina anasema Mungu akipenda, Januari atafungua darasa la pili hapa Homa Bay, ili wanafunzi walio wagonjwa wasisafiri mbali. Akipata karatasi za kutosha, kila anayechorwa atakaa mara mbili: picha moja ya folda, nyingine ya nyumbani. "Na maziwa nitayapuliza kabla ya kulia," anasema.

Jua limeanza kuegemea ziwani wakati Mama Dorah anapowasindikiza hadi njia panda. Amewafungia viazi vitamu kwenye gazeti. Anaushika mkono wa Phanice, ule wenye vidole vya kahawia, na hauachii.

"Mtapita tena?" anauliza. "Hata kama hamna wa kumchora. Njooni tu tuketi."