Redio ya Kina Mama wa Ng'ambo ya Tura

Zamani redio moja ya shule ilisubiriwa na kijiji kizima. Leo shule ina kompyuta kumi zimefunikwa magunia stoo, na hakuna hata anayeuliza ufunguo uko kwa nani.

Nimetengeneza redio za shule mkoa wa Tabora tangu mwanzo wa uhuru mpaka waliponistaafisha. Shule yangu mwenyewe iliishia darasa la nne. Mengine nilijifunza kibarazani kwa fundi saa mjini, kwa kufungua redio mbovu na kusoma vitabu walivyotupa wenye navyo. Vijana wa sasa, kitu kikifa hukitupa na kuagiza kingine. Hawajui kwamba kuna watu wamekaa wanakisubiri hichohicho.

Kina mama wa kisomo cha watu wazima ng'ambo ya Tura walijua kusubiri. Nilishuka stesheni na baiskeli yangu, nikafuata njia ya zamani ya misafara mpaka shuleni kwao. Kiongozi wao alikuwa Siwema, mjane, mkulima wa karanga. Mtangazaji wa kipindi chao redioni aliposema, "Habari zenu, wanakisomo," wote walijibu, "Nzuri, mwalimu, karibu ukae," na kigoda kilikuwa tayari mbele ya redio.

"Siwema, mtu huyo hakuoni wala hakusikii," nilimwambia.

"Ndiyo maana hajawahi kunifokea kama wewe, fundi."

Alitaka jambo moja tu: kujisomea barua za mwanawe Masolwa, aliyekuwa kibaruani mgodi wa almasi wa Mwadui. "Maneno ya mwanangu yakitoka mdomoni kwa mtu mwingine," aliniambia, "najiona kama nimevuliwa kanga barabarani."

Sauti ya Dar es Salaam ilifika kule dhaifu mno. Bila waya mrefu wa antena niliouvuta kutoka paa la shule hadi juu ya mti wa mninga, usingesikia ila mkwaruzo.

Mwaka 1974 redio ile ikafa, na mtihani wa kisomo ulikuwa umeshatangazwa kwa mwaka unaofuata. Niliipeleka Tabora, nikaitengeneza, nikairudisha. Nilipofika nikakuta mgambo na malori mawili. Milango ya nyumba ilikuwa imeng'olewa, watu wanapakiwa kupelekwa vijiji vipya. Mimi sikuwa mpinzani wa Ujamaa. Beji ya chama niliivaa kifuani. Lakini watu wale walikuwa wanalima pamoja na kuzikana pamoja kabla hatujawafundisha neno lenyewe.

Siwema alikuwa juu ya lori, amekalia magunia yake ya karanga.

"Fundi! Imepona?"

"Imepona."

"Ilete basi, unaiangalia nini?"

Nikampandishia. Akaifunga kwa kanga kama mtoto mchanga, kisha akaniuliza, "Na waya?"

Nikaukimbilia mninga, nikaupanda. Wenzake wakacheka, siku ile ya kulia.

"Taratibu, fundi, baba Mwanne! Ukivunjika kiuno, mkeo tutamwambia nini?"

Ambrosi, dereva wa lori, akapiga honi. "Mzee, mimi sikuja kusubiri nyani!"

Upande wa paa nilikuwa nimeshaukata. Juu, mti ulikuwa umekua, gome limeumeza waya. Nilichimba kwa kisu, nikavuta mpaka viganja vikatoka damu. Injini ikanguruma.

Baadaye niliomba ruhusa niwafuate. Ofisini wakasema redio ni mali ya shule, na shule ile imefutwa. Wakanihamishia wilaya nyingine. Nilipopata nafasi ya kwenda kwa gharama yangu, kijiji nilichoelekezwa hakikuwa na Siwema. Lori lake, waliniambia, lilimwaga watu sehemu mbili, na hakuna aliyejua yeye aliteremshwa wapi.

Kwa hiyo mara ya mwisho niliwaona kutoka juu ya mninga. Lori lilikuwa linaingia msituni. Siwema alikuwa amesimama juu ya magunia, redio kifuani, mkono mmoja ameunyoosha kwangu, na kina mama wote wanapiga kelele, "Rusha, fundi! Rusha!" Nami navuta, na waya hautoki.