Patron amefungua "Viazi Mudende"

Jamani, leo nusura nifukuzwe kazi kwa sababu ya viazi.

Ofisi yetu hapa Gisenyi ina kompyuta moja. Ukifungua intaneti, inakuuliza kwanza wewe ni nani. Kama pale mpakani Petite Barrière, ila haina askari.

Basi nikajiwekea majina mawili ya kuingilia. "Kazi" ni la kazi. "Viazi Mudende" ni langu la siri: humo nahifadhi matangazo ya ajira, Kigali, Kampala, popote.

Nani atafungua viazi?

Patron. Bosi wetu leo ana wageni wa kuwapeleka Mudende kwenye mashamba ya viazi, akaona ajisomee kidogo.

Nimesimama nyuma yake. Akasoma tangazo la kwanza. La pili. Polepole, kidole kwenye kioo.

Mi kichwani nishafunga virago: kikombe changu, mwavuli wangu, kwaheri.

"We," akasema bila kugeuka, "hii ya Kampala iko bado?"

"Mpaka Ijumaa, patron."

Akatoa kalamu, akanakili anwani.

"Bon. Hii viazi usionyeshe mutu."

Kisha akafungua "Kazi", akanigombeza kwa ripoti iliyochelewa.

Niambieni, siri yangu sasa niipe jina gani? Maana saa tisa amerudi, akafunga mlango:

"Iko viazi mupya?"