Ripoti Iliyosema Kila Kitu

Ofisini walimwita Mama Kasoro, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuijaribu programu ya hospitali kabla haijakabidhiwa. Jaribio likifeli, ripoti hujitokeza kwenye skrini kubwa ukutani, kila mtu akaiona.

Kwa muda mrefu ripoti zilisema neno moja tu: "Imefeli." Waandishi wa programu walichoka kubahatisha.

"Mama Kasoro, unatuambia mgonjwa anaumwa, husemi wapi!" alilalamika kijana wa meza ya dirishani, aliyekuwa amemchumbia mdogo wake Mama Kasoro.

"Haya, shemeji. Kuanzia leo itasema kila kitu. Msije mkanipigia kelele tena."

Akaiagiza ripoti itoe rekodi nzima ya mgonjwa iliyokwamisha jaribio. Hakujiuliza rekodi zile zilitoka wapi. Hakuna aliyejiuliza. Hospitali iliwapa nakala ya kumbukumbu halisi za wagonjwa wake, nao, kwa uvivu uliokwisha kuwa mazoea, wakazitumia hivyo hivyo bila kufuta majina.

Mchana jaribio likafeli. Skrini ikajaa maandishi. Mama Kasoro akainua macho, kikombe kikamponyoka.

Jina la mdogo wake. Namba yake ya simu. Chini yake: figo zote mbili zimeshindwa kufanya kazi.

Mdogo wake aliyesema ni uchovu tu! Aliyekuwa akipimwa gauni la harusi wiki hii!

Akaurukia waya wa skrini, akaung'oa. Ukuta ukawa mweusi. Shemeji alikuwa amekwisha kusimama.

"Dada, ulikuwa unajua?"

"Wallahi sikujua."

Alikaa akaipanga upya: ripoti itaje jaribio gani, jibu gani lilitarajiwa, lipi limepatikana, na mstari wenye kosa. Mtu asiwemo. Na rekodi za kujaribia ziwe za kubuni. Halikuwa jambo gumu. Lilihitaji kufikiri kidogo tu, na huko kufikiri ndiko alikojinyima asubuhi kwa sababu ya kelele za watu.

Kisha akatoka koridoni, akampigia mdogo wake na kumweleza yote.

Halafu sauti ndogo: "Nilitaka kumwambia mwenyewe, dada. Jumamosi. Nani mwingine ameona?"

Uongo ulimfika mdomoni. Akaumeza.

"Wote."

"Na yeye?"

"Na yeye, mdogo wangu. Alisoma kabla sijafika kwenye waya."

Simu ikakatwa. Aliporudi ndani, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.