Kumpeleka Eliudi kwa Bibi Kabla ya Chuo

Sababu ya safari hii aliitoa mwanangu mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni kwetu Moshono na barua ya chuo mkononi. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi, Mbeya. Mimi nilishaanza kumweleza mpango wangu. Ningekwenda naye, ningepanga chumba karibu na chuo, ningekaa angalau muhula wa kwanza. Cherehani ninayo, na Mbeya nako watu wanavaa nguo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Mama, naomba kwanza nikakae kwa bibi siku tano, bila wewe. Nikishindwa, twende wote Mbeya. Nikiweza, naenda mwenyewe."

Eliudi ana kisukari tangu akiwa na miaka sita, kile kinachodai sindano kila siku ya Mungu. Baba yake ni dereva wa watalii, anaweza kukaa porini wiki tatu mfululizo, kwa hiyo kazi ya kumwangalia mtoto iliniangukia mimi. Asubuhi kabla ya chai namtoboa kidole, naandika namba kwenye daftari, namdunga. Saa sita naacha nguo ya mteja chini ya sindano ya cherehani nampigia simu: umekula nini, umekula kiasi gani. Hata alipoanza kujidunga mwenyewe nilisimama pembeni nikimtazama mkono. Ndivyo siku zangu zilivyokuwa kwa miaka kumi na mitatu.

Kuhusu bibi, lazima niseme ukweli, la sivyo hamtaelewa kwa nini safari ya saa mbili ilinitia homa. Eliudi alipokuwa na miaka minane nilimwacha kwa mama mkwe wangu wakati wa likizo. Mgeni mmoja alipita pale nyumbani akamwambia kwamba mtoto mwenye imani hahitaji sindano. Mama akaamini. Akaiweka dawa kabatini. Siku ya pili mtoto alianza kutapika na kuhema kama aliyekimbia, majirani wakambeba mgongoni hadi barabara ya lami, na tulilala naye hospitali siku nane. Tangu hapo nilikuwa nakwenda kumsalimia mama Krismasi na Pasaka, nanywa chai, nashuka na mwanangu jioni ileile. Hatukugombana wala hatukuzungumza habari ile.

Sasa mtoto alikuwa anachagua kwenda kujaribiwa palepale.

Jumamosi, saa moja asubuhi, tuliondoka Moshono. Dawa ilikuwa ndani ya chupa ya chai yenye barafu, imefungwa kwa kitambaa ili isigande. Begi lake alibeba mwenyewe. Langu nilijaza biskuti, juisi, kipimo cha akiba, betri za kipimo cha akiba. Eliudi alilipima kwa mkono, akacheka.

"Mama, unahamia wewe au nahamia mimi?"

Saa mbili na nusu tulikuwa Tengeru, na kwa kuwa Jumamosi ni siku ya soko, barabara yote ilikuwa ndizi: zilizolala chini, zilizoning'inia kwenye baiskeli, zilizobebwa na akina mama kichwani nzima nzima na mkungu wake. Mtu haendi kwa mkwe mikono mitupu. Nilinunua nyama, majani ya chai, sabuni ya mche, na sukari kilo mbili. Ndiyo, sukari. Muuzaji alishangaa kuona nacheka peke yangu wakati anaipima.

Kutoka Tengeru bodaboda wangetufikisha hadi mlangoni kwa mama. Eliudi akakataa. Alisema atakuwa mpima ardhi, na mpima ardhi anatembea. Tukashika njia ya juu kwa miguu. Njia hii inapita kati ya migomba na mibuni, na mfereji wa maji unashuka pembeni yake ukiongea muda wote. Kadiri unavyopanda hewa inapoa, udongo unakuwa mweusi zaidi, na Mlima Meru, ambao mjini unauona mzima kama picha ukutani, unapotea kabisa kwa sababu sasa umo ndani yake.

Saa tatu na nusu hivi, Eliudi alinyamaza. Mama wa mtoto mwenye kisukari anaujua ukimya ule. Nilimtazama usoni nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo, na kulikuwa na baridi. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya begi umeshika juisi.

"Usitoe, mama," alisema. "Acha."

Akakaa juu ya jiwe kando ya mfereji. Vidole vilikuwa vinatetemeka akitafuta kipimo. Akajitoboa, akakosa damu, akajitoboa tena. Tatu nukta moja, iko chini. Akatoa chupa ya soda kwenye begi lake, na kile kifuniko kilimshinda mara ya kwanza. Nawaambieni, katika maisha yangu sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kufungua kile kifuniko. Niligeuka nikatazama mbuni uliokuwa karibu nami, nikaanza kuhesabu punje zilizoiva kwenye tawi moja. Nilifika ishirini na tatu nikasikia soda ikifunguka.

Mama mmoja aliyejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe alisimama. "Poleni. Kijana amechoka?"

"Shikamoo mama," alisema Eliudi. "Sukari imenishuka kidogo. Ikipanda, na mimi nitapanda."

Yule mama alicheka mpaka majani yakamyumba kichwani. Tulingoja robo saa. Eliudi akapima tena: tano nukta mbili. Akala biskuti zake taratibu, akafungua daftari akaandika, kisha akanionyesha. Chini ya namba alikuwa ameandika: *Kosa langu. Nilitakiwa kupunguza dozi ya asubuhi kwa sababu ya kutembea.*

Ni mimi niliyempimia dozi ile. Nilimpimia ya siku zote, kwa mazoea, na yeye aliidunga bila kusema. Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa.

"Mkono ulikuwa wangu, mama."

Saa nne na nusu tulifika. Mama mkwe alikuwa uani akimenya ndizi, kisu kidogo kinakwenda bila yeye kukitazama, maganda yanaangukia kwenye karai. Amekonda tangu baba mkwe alipofariki, lakini sauti yake bado inafika kwa majirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mama Eliudi. Karibuni. Mbona mmechelewa? Niliona tangu kule bondeni mtu ana begi kama la mzungu."

Eliudi alimkumbatia, naye akamshika kichwa kwa mikono yenye utomvu wa ndizi, akamsemesha Kimeru maneno ambayo mimi, Mchaga wa Rombo, mpaka leo nayasikia nusunusu. Kisha aliniita mimi peke yangu nyuma ya nyumba.

Kulikuwa na vyungu viwili chini ya kivuli cha mparachichi, kidogo kimekaa ndani ya kikubwa, katikati yake mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Mama hana friji.

"Ingiza mkono," aliniambia.

Niliingiza. Ndani kulikuwa na ubaridi wa kisima.

"Nilimuuliza muuguzi wa zahanati namna ya kutunza dawa yake. Eliudi alinipigia simu zimetimia wiki mbili sasa, akaniuliza kama nitampokea. Tangu siku ile namwagia maji huu mchanga asubuhi na jioni, hata kabla dawa haijaja."

Sikujua kwamba walizungumza. Nilisimama pale nikiwa bado nimetumbukiza mkono chunguni.

"Mama Eliudi," alisema, na sauti ile ya kufika kwa majirani haikuwepo tena. "Mara ile nilikosa. Nilimpenda mtoto nikamsikiliza mjinga. Miaka yote hii nimekuwa nasubiri unigombeze. Hukunigombeza. Unakuja hapa unanisalimia vizuri mno."

Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miaka mingi, makali na yenye mpangilio, mengine nimeyashona kabisa kichwani nikiwa kwenye cherehani. Hayakuja. Nilichoweza kusema ni, "Mama, na mimi nilikuwa nasubiri useme."

Alinishika mkono akautoa chunguni kana kwamba mimi ni mtoto atakayeharibu kitu. "Basi njoo mnifundishe hicho kipimo. Miwani ya kusomea nyimbo ninayo."

Saa saba, baada ya kula ndizi na nyama, somo lilifanyika mezani. Eliudi alitaka kuonyesha kwa kidole chake. Mama akakataa.

"Nitoboe mimi. Nitajuaje inauma kiasi gani?"

Alipotobolewa alisema neno moja la Kimeru ambalo Eliudi hakunitafsiria. Kisha akavaa miwani, akasogeza kipimo mbali, akakirudisha karibu. "Tano... nukta... tisa. Ni nzuri?"

"Nzuri kuliko yangu, bibi."

Alifurahi kama aliyeshinda mtihani wa taifa. Akarudia mwenyewe kwa sauti ya juu: chini ya nne, maji ya sukari, vijiko vinne, kungoja robo saa, kupima, chakula. Juu ya kumi na tano, maji mengi, na kumwita muuguzi. Asubuhi na jioni, sindano, "hata aje malaika hapa aseme vingine."

Saa tisa nilishuka. Masharti yalikuwa ya Eliudi: atanipigia mara moja kwa siku, jioni, akishakula. Mimi nisipige. Alinisindikiza hadi kwenye mfereji. Nilitaka kumwambia mambo kumi na mawili, na yote alikuwa anayajua. Nilimrekebisha kola ya shati, ambayo haikuwa na kasoro yoyote kwa sababu niliishona mimi.

"Nenda mama," alisema. "Utakosa usafiri."

Usafiri haukosekani Tengeru siku ya soko. Nilikwenda hata hivyo. Njia ya kushuka ilikuwa fupi kuliko ya kupanda, na nilitembea haraka kwa makusudi, maana nilijua nikisimama nitageuka.

Jumapili na Jumatatu zilipita. Jioni alipiga, akataja namba zake, akaniambia habari za ng'ombe. Asubuhi nilijikuta nimeshika daftari la zamani, kalamu imefunguliwa, hakuna wa kumtoboa. Nilikunywa chai yangu ikiwa ya moto. Hilo lilinishangaza, nilikuwa nimesahau kwamba chai ya asubuhi huwa ya moto.

Jumanne, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye kibanda changu cha ushonaji Ngarenaro, nawekea zipu sketi ya mteja. Simu ikaita. Ilikuwa namba ya mama mkwe, na haikuwa jioni.

Kabla sijapokea nilikuwa nimeshasimama na begi limeshaingia begani.

"Mama Eliudi, tulia," alisema. "Alikuwa anakata majani ya ng'ombe, akaanza kutetemeka. Nimepima mimi, yeye mikono ilimkataa. Mbili nukta tisa. Nimempa maji ya sukari, tumengoja, nimepima tena: sita kamili. Sasa anakula ndizi na ananicheka kwa jinsi nilivyoshika kipimo. Nimekupigia kwa sababu sikutaka kukuficha kitu tena. Nimekwambia? Basi, usije."

"Mama, naweza kufika saa sita."

"Najua unaweza. Usije."

Nyuma yake nilimsikia Eliudi akisema, "Mama, niko sawa. Shona."

Jirani yangu wa kibandani, mama Upendo, alikuwa ananitazama nilivyosimama katikati ya mlango, mguu mmoja nje. Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia siendi popote. Nikavua begi, nikaketi. Ile zipu niliiweka mara tatu na mara tatu ilipinda, lakini nilikuwa nimeketi.

Alhamisi Eliudi alishuka mwenyewe. Alikuwa ameungua jua, ana mikwaruzo ya majani mikononi, na amebeba parachichi nyingi kuliko nguo. Baba yake alirejea kutoka porini siku mbili baadaye, akamkuta anapanga begi la Mbeya. Chumba nilichokuwa nimekusudia kupanga huko hakikutajwa tena na mtu yeyote.

Wiki iliyofuata, alfajiri, tulimfikisha stendi. Baba yake aliongea habari za barabara, wapi basi litasimama, wapi kona mbaya, kama madereva wanavyoongea wakishindwa kusema kingine. Eliudi alipanda, kisha akashuka tena akaja kusimama mbele yangu.

"Mama, kuna siku nitanyamaza. Simu itaita sitapokea. Usidhani nimeanguka. Dhani niko darasani."

Nilimwambia nitajaribu. Basi likaondoka.

Safari niliyoisimulia haikuwa ndefu. Wako wanaokwenda Tengeru kila siku kuuza parachichi. Lakini nimejifunza mawili. La kwanza, mtu anaweza kutubu miaka mingi kabla hujampa nafasi ya kukwambia. La pili ni kudhani mema, na hilo bado najifunza, maana ni kazi kama kazi nyingine na mkono unazoea polepole. Jana simu yake iliita hadi ikakatika. Nilikaa nayo mapajani kidogo. Nikasema kwa sauti, mama Upendo akanisikia: "Yuko darasani." Nikachukua mkasi.