Kucha za Sabdio

Mimi hutengeneza rangi za kucha, na kabla hujacheka, jua kwamba nimeshachekwa na mabingwa. Baba yangu, aliyeuza miraa maisha yake yote, aliniuliza, "Kananu, kweli kuna mtu wa kulipa ili apakwe rangi kama mlango?" Wapo. Nina chumba cha mabati hapa Chechelesi, mjini Isiolo, meza, vichupa, na gololi ndogo za chuma za kukorogea. Lakini hakuna rangi yangu inayouzwa kabla ya kupita kwenye mikono ya Sabdio.

Sabdio ni jirani yangu, muuza maziwa ya ngamia. Mikono yake haijui kupumzika. Huisugua mitungi kwa sabuni na maji moto, huifukiza kwa moshi ili maziwa yasiharibike, hubeba, humimina. Rangi ikistahimili mitungi ya Sabdio, itastahimili harusi yoyote. Ila yeye ni mtu wa swala tano, na rangi huzuia maji ya udhu yasifike kwenye ukucha. Kwa hiyo hunijaribia zile siku za mwezi ambazo mwanamke hasali. Zikiisha anaitoa kwa asetoni, anaoga, anarudi kwenye mswala wake. Mji mzima unalijua jambo hilo, hata sisi wa kanisani.

Sasa fikiria wewe ndiye Sabdio. Umeolewa na Molu mwaka wa sita, hamna mtoto, na mama mkwe wako Abiba ametoka Sericho kuja kukaa nanyi, akisubiri mjukuu. Kila mwezi kucha zako zinampa habari kabla hujafungua mdomo. Abiba hakuwa mtu wa matusi. Aliitazama ile mikono, akageuza uso, akaendelea na tasbihi yake. Mimi nilionelea afadhali angetukana.

Nilimwambia Sabdio aache kupaka, nitatafuta mikono mingine.

"Wacha wewe," akanijibu. "Hizo siku nitalia tu, nipake nisipake. Basi acha nilie nikiwa na kucha za maana."

Ndivyo alivyo. Majirani walimwambia mvumilivu hula mbivu mpaka akachukia matunda.

Mwaka juzi nikaagiza unga wa ile rangi ambayo watu wa mitandaoni huiita holo. Kivulini ni kijivu, sufuria kabisa. Ukitoka nayo juani, rangi zote za upinde wa mvua zinaamka kwenye kucha. Niliharibu vichupa vingi, maana unga ukikorogwa kidogo hutuama, na ukizidi rangi inatoka na chengachenga. Siku nilipoipatia nilipiga kelele peke yangu. Nikaiweka rafuni imsubiri Sabdio.

Hakuja kupaka. Mwezi ukapita, na mwingine. Kila asubuhi aliniletea maziwa, kucha tupu, safi, na mimi sikuuliza, maana mambo hayo hayaulizwi, watu huogopa husuda. Tukaongea habari za sabuni kupanda bei. Lakini moyo wangu ulikuwa unaimba, na kile kichupa nilikiombea kikae rafuni kishike vumbi.

Kisha siku moja akaingia bila mtungi, macho yamevimba. Akaketi, akaweka mikono yote miwili mezani.

"Nipake ile mpya, Kananu. Siswali."

Nilielewa. Nilipaka kidole kimoja kimoja, polepole kuliko ninavyompaka bibi harusi, na machozi yangu ndiyo yaliyotangulia kudondoka. Zilipokauka nikamshika mkono nikamtoa nje. Jua la Isiolo halina adabu, lilizivamia zile kucha zikawaka zote kumi. Sabdio akaigeuza mikono huku na huku, akacheka huku akilia.

"Ona sasa," akasema. "Imetoka vizuri, na mimi siitaki."

Abiba alikuwa amesimama langoni kwao. Aliziona. Akageuza uso, akaingia ndani. Siku hiyo nilimchukia, nasema ukweli.

Rangi haikubanduka hata pembeni. Ilikuwa kazi yangu bora, na nikashindwa kuiuza. Nilikificha kichupa nyuma ya vingine. Miezi iliyofuata Sabdio alinijaribia nyekundu, akanijaribia zambarau, na ile hatukuitaja.

Halafu kucha zikawa tupu tena. Safari hii sikuimba. Kila alipoleta maziwa nilitazama mikono kwanza ndipo nikaitikia salamu. Zikabaki tupu. Dera likaanza kumbana tumboni, bado hatukusema kitu. Mwishowe Molu akamkataza kubeba mitungi, na nikaacha kumwona.

Asubuhi moja nikasikia hodi. Abiba, ambaye hakuwahi kukanyaga kwangu.

"Nagaa, Kananu?"

"Nagaa, Mama Molu," nikaitikia salamu yao. Nilidhani ameleta msiba.

"Ile dawa ya kucha iko? Ile ya kuwaka kwa jua."

Nikageukia rafu.

"Msichana," akasema. "Jana. Mtoto mzima, mama mzima." Akakaa kwenye kiti cha Sabdio, akafuta macho kwa mtandio bila kujificha. "Wewe uliona mimi mtu mbaya. Mimi nilikuwa nageuza uso Sabdio asione nalia."

Nilimwomba radhi, akanikatiza kwa mkono.

"Sasa ni zile siku arobaini. Mzazi haswali mpaka damu ikatike. Kuja umpake mikono, umpake na miguu. Wale watu wote walikuwa wanaangalia hizo kucha, leo waje waangalie tena."

Nilikitoa kichupa kule nyuma, nikakifuta vumbi kwa leso, nikamfuata. Sabdio alikuwa kitandani, mtoto kifuani, na akaninyooshea mkono bila kuambiwa. Nilipomaliza, kucha zilikuwa kijivu, maana chumba kilikuwa na giza na mzazi hatolewi nje. Abiba akaenda dirishani, akalifungua lote, jua likaingia mpaka kitandani.