Viorica na Meza ya Unga

Siku hizi Jumamosi asubuhi ngazi za jengo letu ziko kimya. Zamani hukuweza kushuka na kapu lako la sokoni bila Viorica kukuzuia pale ghorofa ya pili, mikono imejaa unga, akuulize, "Mtu akinuna bila sababu, nyinyi husemaje?" Ulimjibu, akalirudia neno mara tatu, kisha akakuachia njia.

Alikuja hapa Bologna, Italia, kutoka Moldova kumtunza Bibi Argia, jirani yangu, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia. Bibi alikaa kwenye kiti chake karibu na jiko akamfundisha mambo mawili kwa pamoja: kusukuma unga wa mayai hadi uwe mwembamba kama kitambaa, na kusema kama sisi.

Siku moja nilimtakia heri kwa desturi yetu. "Mdomoni mwa mbwa mwitu, Viorica!"

"Asante," akajibu.

Bibi Argia akapiga kelele kutoka ndani. "Usishukuru, mwanangu, utajitia mkosi! Sema, afe!"

"Nani afe, Bibi?"

"Mbwa mwitu! Nani tena, mimi?"

Viorica alitaka jambo moja tu: kiti kwenye meza ya akina mama wa parokia, wanaofunga tortellini, vile vifundo vya unga vyenye nyama ndani, kwa ajili ya Krismasi. Mtaani watu walimsalimia vizuri, lakini waliendelea kumwita "yule wa Argia". Kwenye meza ile, kila mtu huitwa kwa jina lake.

Bibi alimwonya. "Unga wako ni mzuri. Ulimi wako ndio unaopiga magoti. Samahani, asante, samahani. Hapa anayekutania amekukaribisha. Usipomjibu, umebaki mlangoni."

Desemba ile nilimsindikiza. Mkuu wa meza alikuwa Nives, mjane wa mwenye bucha, mwanamke ambaye hata padri humbishia hodi. Viorica alisukuma unga wake, wote wakitazama. Alipomaliza, Nives aliunyanyua kwa ncha za vidole, akausogeza dirishani. Kwetu unga huwa tayari pale unapoweza kuliona kanisa la San Luca, kule juu kilimani, kupitia ndani yake.

"Mimi naona shuka la hospitali," Nives akasema. "San Luca silioni. Nyinyi mnaliona?"

"Hatulioni!" wakaitikia.

Viorica akawa mwekundu. Niliona midomo yake ikijipanga kuomba radhi, na karibu na sinia la vyombo vichafu nikaiona aproni ya kuoshea vyombo, inayomngoja kila anayeomba radhi mapema mno. Kisha akageuka, akatazama dirisha lenyewe. Nje ukungu wetu wa Desemba ulikuwa umelala hadi kwenye vizingiti. Kilima hakikuwapo. Hata mti wa barabarani haukuwapo.

"Bi Nives," akasema taratibu, kwa lafudhi ileile ya Bibi Argia, "ushushe huo unga uniambie kama sasa unaliona. Ukiliona, kesho nakuja kwako unipe namba za bahati nasibu."

Kijiko kilianguka mahali fulani. Halafu Nives akaanza kucheka, tumbo likitikisa meza, na wote wakamfuata.

"Kumi na mmoja kabla yako wameshaniomba msamaha kwa sababu ya ukungu," akasema, akijifuta macho kwa kiwiko. "Wewe Viorica, vuta kiti. Ukae hapa, karibu nami, nikuone unavyofunga."

Nilipanda ngazi mbilimbili kwenda kumwambia Bibi Argia. Hakulia, si mtu wa kulia. Alijinyoosha kitini kama mama aliyesikia jina la mwanawe likitajwa kanisani, akasema, "Nilijua," ingawa asubuhi yote hakuwa amegusa kahawa yake.

Bibi alizikwa miaka minne baadaye. Nives naye amestaafu kwa sababu ya magoti. Viorica sasa ndiye mkuu wa meza ya parokia, na Jumamosi hukaa huko tangu asubuhi hadi jioni.