Mdogo Hampiti Mkubwa

Ukumbi wa video tuliokuwa tukienda mimi na dada yangu kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, ulikuwa wa mabati matupu, na mwenyewe, Mrundi mmoja mwenye mdomo, alitutoza kiingilio sawa na wanaume halafu akatukalisha benchi la mwisho, ubavuni mwa jenereta. Siku za mpira watu walijaa mpaka mlangoni. Siku za mashindano ya magari, Jumapili baada ya kanisa, tulibaki wachache, na wote wenye hasira. Sijawahi kuelewa kwa nini mchezo ule uliwapata watu wa namna ile tu. Wapole walikwenda kulala.

Dada alinitangulia kuzaliwa na hakuniacha nisahau. Ndiye aliyenishika mkono tulipotoka Bukavu, ndiye aliyenifundisha cherehani, na ndiye aliyeniburuta ukumbini mara ya kwanza, kwa sababu aliona aibu kuingia peke yake kati ya wanaume. Nilipoanza kuupenda mchezo nikawa na maoni yangu, na hilo hakunisamehe.

Tuligombana juu ya jambo moja: amri ya timu. Kwa asiyejua, kila timu ina magari mawili, na madereva wawili ambao mbele ya kamera hucheka pamoja. Lakini mmoja ndiye mkubwa. Ikitokea mdogo yuko mbele na mkubwa yuko nyuma yake, wakuu wa timu humwita mdogo redioni na kumwambia, kwa maneno ya kuzungukazunguka, ampishe mwenzake. Naye hupunguza mwendo kidogo kwenye kona, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, na mwenzake anapita. Nilisema hiyo ni akili. Dada alisema ni wizi.

Nakumbuka Jumapili moja timu nyekundu ilipofanya hivyo mchana kweupe. Dada alipanda juu ya benchi na viatu vyake vya kanisani.

"Ule muntu alikuwa mbele," alisema, akiwaelekea wanaume wote. "Mbele ni mbele. Bamemuiba."

Kulikuwa na kinyozi mmoja Mnyarwanda, mshabiki wa timu hiyo, aliyejua mambo ya matairi na mafuta kuliko alivyojua vichwa vya wateja wake. Alimjibu bila kugeuka. "Ekipe ni moja, kombe ni moja. Mukubwa iko na pointi nyingi. Mulitaka ekipe ikose kombe juu ya machozi ya muntu moja?"

"Nataka ashinde mwenye kushinda."

"Dada, shuka," nikasema. "Ekipe haiko familia. Ni kazi. Umeandikwa kazi, unasikia patron."

"We nyamaza. We unaongeaka sawa vile baba mudogo."

Ukumbi ulicheka, mimi sikucheka. Baba yetu mdogo ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo wetu pale kambini, kwa kuwa wazazi wetu tuliwaacha makaburini Bukavu, na kufananishwa naye hakukuwa jambo la kuchekewa. Alikuwa mtu wa kutoa hukumu huku akichokonoa meno.

Ugomvi ulitufuata mpaka kazini. Jumatatu tulishuka mjini Lilongwe, mtaa wa Area 36, ambako tulishona sare za shule kwenye baraza la duka la mama mmoja Mmalawi, tukilala chumba cha uani mpaka Ijumaa. Hapo tulikuwa na cherehani mbili na pasi moja ya mkaa. Mimi nikisema kwamba dereva mkubwa ana haki ya kuitwa kwanza kubadilisha matairi, maana atakayetangulia kupata matairi mapya atapata mwendo, dada alisema huo ni ujanja uleule wa kumpisha mtu, isipokuwa umefichwa gereji. Nikimjibu, alishika pasi na kuikalia mpaka mkaa ukapoa. Kola zangu zilikwenda kwa wateja na makunyanzi. Mwenye duka alisikia kelele zile wiki baada ya wiki, haelewi Kiswahili chetu, na siku moja akaja kuuliza kwa Kichewa mwanamume mwenyewe tunayemgombania ni nani. Dada alimwonyesha picha ya gari kwenye gazeti. Mama wa watu alisema zikomo, asante ya kwao, akarudi ndani.

Mwanamume alikuja baadaye, na hakuwa wa kugombaniwa. Alikuwa wangu. Alikuwa mtu wa Bukavu kama sisi, akiuza viatu vya mitumba Chinsapo, mtaa mwingine wa Lilongwe, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Magari hayakumhusu, na nilimpenda hivyohivyo. Kaka yake alikuwa Afrika Kusini, amempatia pahali pa kuuza na chumba cha kulala, na sharti lilikuwa awe ameondoka kabla ya mvua. Alitaka tufunge ndoa kwanza, twende wote. Mimi bila ndoa nisingekwenda, na yeye alilijua hilo, kwa hiyo aliharakisha wazee wake.

Walikuja Dzaleka nyumbani kwa baba mdogo na kreti za soda, wamevaa makoti kwa sababu ya baridi ya Dowa, wilaya ya kambi yetu. Baba mdogo aliwasikiliza vizuri. Aliwaacha wazungumze, akafungua soda zao, akanywa, akawanywesha majirani, na soda zilipokwisha ndipo akachokonoa meno na kusema kwamba wamebisha kwenye nyumba yenye mabinti wawili, na waliyemwona si wa kwanza. "Mudogo hapitake mukubwa," alisema. "Njo desturi yetu. Mungojee mukubwa aolewe."

Nilitaka kumtupia chupa. Lakini sikuogopa, kwa sababu desturi ileile ina mlango. Kwetu mdogo akiposwa mbele ya mkubwa, anamnunulia kitenge kizuri na kumpa mbele ya ukoo, amepiga magoti. Mkubwa akijifunga kitenge hicho kiunoni, njia imefunguka, na hakuna mzee wa kuifunga tena. Akikiweka mapajani, basi. Haulizwi sababu, naye haitoi.

Sasa niambie, nani angeogopa? Mkubwa wangu alikuwa ni yule aliyekuwa akipanda mabenchi kuwatetea madereva wadogo wa timu zote za Ulaya, watu ambao hata hawakujua kwamba kuna kambi inayoitwa Dzaleka. Nilinunua kitenge cha bluu kilichonikausha mfuko, nikaenda kupiga magoti na moyo wangu umetulia kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitamwachia nani cherehani yangu.

Dada alikipokea. Alikipapasa kwa kidole gumba kama tunavyopapasa kitambaa cha mteja tunayemshuku, akaangalia maandishi ya pindo, akakikunja upya mikunjo yake ileile, akakiweka mapajani.

Baba mdogo alifunga kwa sala. Mtoto wa jirani alikusanya chupa za soda. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, na hakuna aliyeniambia niinuke.

Wiki ile sikumsemesha. Niliburuta cherehani yangu hadi ncha nyingine ya baraza, nikanunua pasi yangu. Yeye alishona kama kawaida, na alikuwa akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini, jambo lililonifanya nitamani kumchoma na mkasi. Mchumba alikuja kutoka Chinsapo jioni mbili, akakaa kwenye gunia la vipande vya vitambaa, akamtazama dada, akanitazama mimi, akaondoka. Aliniuliza kama dada anamchukia. Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli.

Jumapili nilikwenda ukumbini ili nisimwone. Nilimkuta ameshakaa, benchi letu. Hapakuwa na benchi jingine.

Mambo yalitokea kama kwamba yamepangwa kunitesa. Zamu hii haikuwa timu nyekundu, ilikuwa nyingine, lakini amri ni amri: mdogo mbele, mkubwa nyuma, redio ikaongea, mdogo akajivuta pembeni. Na dada yangu, mbele ya macho yangu, akainuka na viatu vyake vya kanisani.

"Wizi!" alisema. "Hata haya habana!"

Nilisimama nami. Sikupanga kusimama. "We njo wa kusema?" nikamwambia. "We?"

"Keti."

"Siketi. Sema mbele ya bantu. Ule Muzungu humujue, hakujue, unamulilia. Mi nilikupigia magoti. Ulishindwa nini kufunga kitenge?"

Mwenye ukumbi alipunguza sauti ya televisheni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa msiba. Wanaume waligeuka wote. Huko kambini habari za kitenge zilikuwa zimeshazunguka kila bomba la maji, na sasa walikuwa wanazipata bure kwa wenyewe.

Nilidhani kinyozi atanitetea, maana miaka yote tulikuwa upande mmoja. Yeye alicheka. "Lakini mama, si we ulikuwa unatuambia kila siku, ekipe kwanza? Amri ni akili? Sasa imefika kwako inawasha?" Akawageukia wenzake. "Mkuki kwa nguruwe."

Hakumalizia, na hakukuwa na haja. Wengine walimalizia kwa pamoja, kama darasa. Nilimwambia kinyozi maneno juu ya mama yake ambayo siwezi kuyaandika, na mengine juu ya wembe wake, na hayo ya wembe yalimuuma zaidi. Alinijibu kwa Kinyarwanda. Mtu wa benchi la mbele alisema wanawake wasiruhusiwe tena. Mwingine alisema waturuhusu lakini watutoze zaidi, kwa kuwa tunaonyesha filamu mbili. Nilikuwa nawachukia wote. Ningekuwa na kiberiti ningelichoma lile banda na mabati yake.

Na katikati ya kelele hizo dada alinishika kiwiko, akanivuta karibu. Aliongea chini kiasi kwamba ni mimi peke yangu niliyesikia, kwa sababu ya jenereta.

"Bale bashofa," alisema, "kurse ya Jumapili hii ikibapita, ingine inakuya. Ule mudogo ameibiwa leo, lakini ataendesha tena. Mi nikikupisha, kurse yangu ingine iko wapi? Nani atakuya kuniangalia, mukubwa mwenye mudogo alimuruka? Batasema iko na kitu."

"Si uliniambia mbele ni mbele?"

"Ndiyo. Njo sababu sikukuacha mbele."

Alisema hivyo akinitazama machoni. Hakuwa na aibu hata chembe, na hakuwa akilia. Nilimwelewa. Kumwelewa hakukunisaidia kitu, kuliniongezea hasira, kwa sababu mpaka pale nilikuwa na matumaini kwamba ni chuki tu, na chuki ya dada ingekwisha. Nilitoka nje. Nyuma yangu sauti ya televisheni ilipanda tena.

Mchumba wangu aliondoka kabla ya mvua, kama alivyosema. Alipiga simu kutoka njiani, alipiga alipofika, alipiga kwa muda, na halafu kaka yake akamtafutia mtu huko. Simlaumu, au namlaumu siku nyingine. Baba mdogo aliendelea kutusifu kanisani kama mabinti wenye heshima, mfano kwa vijana walioharibika. Nilikuwa nikikaa mstari wa pili nikimtazama meno.

Hakuna aliyekuja kumposa dada. Tulingoja mwaka huo, na uliofuata, na mwingine. Walikuja wateja, walikuja watu wa kanisa, alikuja fundi mmoja aliyefiwa na mkewe, aliyetaka kununua cherehani yake. Kwangu nako hawakuja, maana ilishajulikana kwamba njia ya nyumba ile imefungwa, na nani ana muda wa kungoja? Ukumbini hatukurudi. Mwenyewe baadaye aliugeuza duka la mkaa. Mimi nilisikiliza matokeo ya magari kwenye simu, na dada alisikiliza kwenye simu yake, baraza lilelile, hatuulizani nani ameshinda.

Halafu Jumatatu moja, tukiwa tunashona, alisimamisha cherehani. Ilikuwa msimu wa sare na baraza limejaa vitambaa vya kijani. Mvi zilikuwa zimeanza kumwota juu ya paji la uso, na alizifunika kwa kile kitenge cha bluu. Nilidhani anataka pasi.

"Jana nilienda kwa baba mudogo," alisema. "Nimemwambia nimekuruhusu. Amekubali."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa moja moja nikazichoma kwenye mto wa pini.

"Umeniruhusu niolewe na nani, dada?"

Aliangalia barabarani kwa muda, ambako watu walikuwa wakipita kwenda sokoni, kama kwamba kweli anatafuta mmoja.

"Mi sijue," alisema. Akavuta kitambaa, akaendelea kushona.